Nyambizi U-852 na Amri ya Nahodha Wake



Wengi wetu tunaosoma hapa Uganda hatujaiona bahari. Tunalijua ziwa, na tunajua mitumbwi na meli za abiria. Kwetu sisi chombo kikizama ni msiba. Basi mtu akikwambia kwamba kiko chombo ambacho kazi yake ni kuzama, kisha kikazuka tena na watu wake wote wakiwa hai, utadhani anakutania.

Nimepata kuchunguza habari za chombo cha namna hiyo kwa sababu ya swali tuliloulizwa darasani. Tulikuwa tukisoma historia ya Vita Vikuu vya Pili, na mwalimu akatuuliza: "Askari akiamriwa kutenda jambo ovu, naye akalitenda, kosa ni la nani?" Karibu darasa zima tulijibu kwa sauti moja, "Ni la aliyeamuru." Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Alituambia tu kwamba liko baraza moja lililokaa mjini Hamburg mwaka 1945 kulijibu swali hilo hilo, na kwamba anayependa aende akasome habari za nyambizi ya Kijerumani iliyoitwa U-852. Nilikwenda nikasoma. Sasa naomba niwaeleze mambo hayo tangu mwanzo, kwa kuwa safari ya chombo kile iliishia pwani ya Somalia, si mbali sana na kwetu, na swali lake linamhusu kila mtu aliyepata kuamuru au kuamriwa.

CHOMBO CHENYEWE

Nyambizi ni manowari iwezayo kwenda juu ya maji na chini ya maji. Umbo lake ni kama samaki mrefu wa chuma. Ubavuni ina matangi makubwa. Matangi yakijaa hewa, chombo huelea kama meli nyingine. Nahodha akitaka kuzama, hufungua njia za matangi, hewa ikatoka na maji ya bahari yakaingia. Chombo huwa kizito kikashuka. Akitaka kuzuka, husukuma ndani ya matangi hewa iliyoshindiliwa katika mitungi, nayo huyafukuza maji hata chombo kikawa chepesi tena.

Nyambizi za siku zile zilikuwa na mitambo ya aina mbili. Juu ya maji zilikwenda kwa dizeli. Lakini dizeli huhitaji hewa nyingi, kama mtu anayekimbia, na chini ya maji hewa ni haba. Kwa hiyo zikizama zilikwenda kwa mota za umeme, na umeme huo ulitoka katika betri kubwa zilizopangwa chini ya sakafu. Betri zilipopungukiwa na nguvu, nyambizi haikuwa na budi kuzuka ili dizeli zizijaze tena. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Watu hudhani kwamba chombo hiki kiliishi chini ya maji, kumbe muda mwingi kilikuwa juu, hasa usiku, na adui yake mkubwa alikuwa ndege. Ndege ilipotokea, walinzi waliokuwa juu walikuwa na nafasi ndogo mno ya kushuka ndani, kufunga mlango na kuzama.

Silaha yake kuu ni topido. Topido ni bomu refu lenye mota na usukani wake. Hufyatuliwa kutoka katika mrija, likaenda lenyewe chini ya maji mpaka likagonga ubavu wa meli na kupasuka.

U-852 iliundwa katika mji wa Bremen na kiwanda cha AG Weser. Ilishushwa majini Januari 1943, ikaanza utumishi rasmi Juni 15 mwaka huo huo. Ilikuwa ya aina iliyoitwa IXD2, aina kubwa iliyokusudiwa safari za mbali. Urefu wake ulipita mita 87, uzito wake juu ya maji tani 1,610, na iliweza kuchukua topido 24. Mwendo wake juu ya maji ulifika maili 19 za baharini kwa saa, lakini chini ya maji haukufika 7. Mafuta yake yaliitosha kwenda zaidi ya maili 23,000 bila kujaza tena, safari ambayo ni zaidi ya kuizunguka dunia nzima.

Tena ilichukua kitu cha ajabu, mfano wa tiara kubwa yenye mapanga yanayozungushwa na upepo. Baharia mmoja aliketi humo, nyambizi ikaenda mbio ikimvuta kwa waya mrefu, naye akapaa juu angani kutazama meli zilizo mbali.

Humo ndani walikaa watu 66, katika nafasi nyembamba kuliko bweni letu, pamoja na mitambo, topido na vyakula vya miezi. Nahodha wao alikuwa Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg, mwenye umri wa miaka 27. Zamani alikuwa amehudumu katika meli za kufagia mabomu ya baharini. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita akiwa nahodha wa nyambizi.

KWA NINI BAHARI YA HINDI

Huenda ukauliza, Wajerumani walitafuta nini katika bahari yetu? Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya, na tangu mwaka 1943 Wajerumani walipewa kituo katika kisiwa cha Penang, upande wa magharibi wa nchi ile. Kwa hiyo nyambizi zao kubwa ziliweza kuizunguka Afrika, kuingia Bahari ya Hindi, na kupata huko mafuta na matengenezo. Meli za Waingereza na wenzao zilipita huko daima, zikichukua mafuta, chakula na askari kati ya Rasi ya Tumaini Jema, Mombasa, Aden, Bara Hindi na Ceylon.

Nasi tulifikiwa na hatari ile. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara wa meli kadhaa. Ndani yake walikuwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi pia. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Naomba mkumbuke meli hii, maana nitairudia.

Wakati huo U-852 ilikuwa tayari njiani. Ilitoka Kiel Januari 18, 1944, ikiagizwa kwenda Bahari ya Hindi. Kabla ya kuondoka, Eck alionywa na wenye ujuzi kwamba sehemu ya kusini ya Bahari ya Atlantiki inalindwa sana na ndege. Onyo hilo halikuwa maneno matupu. Nyambizi nne za aina ile ile, U-847, U-848, U-849 na U-850, zilikuwa zimezamishwa kati ya Agosti na Desemba 1943, zote nne kwa ndege. Eck alijua kwamba ndege ikiona mafuta juu ya maji, au mbao za meli iliyovunjika, itajua kuwa nyambizi ipo karibu, na itaanza kuisaka. Hofu hiyo alikuwa nayo moyoni tangu siku ya kwanza. Ni haki tuitaje, maana hatuwezi kumhukumu mtu kabla ya kujua alichokiogopa.

USIKU WA MACHI 13

Siku ya Machi 13, 1944, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kati ya Afrika na Amerika ya Kusini, walinzi wa U-852 waliiona meli ikienda peke yake. Ilikuwa Peleus, meli ya Kigiriki ya tani 4,695, iliyokuwa imetoka Freetown bila shehena ikielekea Amerika ya Kusini. Mabaharia wake, wapatao 35, walikuwa watu wa mataifa mengi: Wagiriki, Waingereza, Wamisri, Wachina, hata mmoja wa Aden.

Eck aliifuata mpaka giza likaingia, kisha akafyatua topido mbili. Zote zilipiga. Peleus ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Waliookoka walijikuta majini, wakishikilia vyelezo na vipande vya mbao.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, nyambizi ilikuwa imefanya kazi yake ya vita, kazi ya kikatili lakini ya vita. Mambo yaliyofuata ndiyo yaliyoipeleka mahakamani.

Nyambizi ilikaribia vyelezo. Watu wawili waliulizwa jina la meli, ilikotoka na ilikokwenda, kisha wakarudishwa kwenye chelezo chao. U-852 ikasogea mbali kidogo. Huko juu ya mnara wake Eck aliwaambia maafisa wake kwamba alama zote za meli ile lazima ziondolewe, ili asubuhi ndege zisizione. Afisa wa kwanza na fundi mkuu wa mitambo, Hans Lenz, walimwambia kwamba hawakubaliani na jambo hilo. Eck akajibu kwamba amekwisha kata shauri. Bunduki za rashasha zikaletwa juu pamoja na mabomu ya mkono, nyambizi ikarudi penye vyelezo, na risasi zikaanza.

Jambo hilo halikuisha upesi. Nyambizi ilizungukazunguka mahali pale yapata saa tano, ikipiga vyelezo kwa risasi, na mabomu ya mkono yakitupwa. Hata hivyo vyelezo havikuzama. Watu ndio waliokufa.

Aliyetupa mabomu ya mkono na kupiga bunduki alikuwa afisa kijana, August Hoffmann. Daktari wa chombo, Walter Weisspfennig, naye alishika bunduki akapiga, ingawa kazi ya daktari katika jeshi ni kuponya wala hatakiwi kupigana. Baharia Wolfgang Schwender aliamriwa kupiga, akapiga. Na Lenz, yule aliyekuwa amekataa, alipanda juu baadaye, akamnyang'anya Schwender bunduki, akapiga yeye mwenyewe. Sababu aliyoieleza baadaye ni kwamba alimwona Schwender kuwa baharia mbaya, asiyestahili kutekeleza amri kama ile. Nilisoma maneno hayo mara mbili tatu. Mtu alijua kwamba jambo ni ovu, akasema hivyo mbele ya mkubwa wake, na bado usiku ule ule mkono wake ukalitenda.

Karibu na usiku wa manane U-852 iliondoka. Ndani ya chombo watu walikuwa wamenyamaza kwa huzuni. Eck alisema nao kwa kipaza sauti, akawaambia kwamba mtu akizidiwa na huruma awakumbuke wake na watoto wa Ujerumani wanaokufa kwa mabomu ya ndege.

Lakini si wote wa Peleus waliokufa. Afisa mmoja, Antonios Liossis, alikuwa amejeruhiwa kwa bomu la mkono, naye alibaki hai. Dimitrios Argiros na Rocco Said walibaki hai pia. Mwenzao wa nne alikufa kwa majeraha yake baada ya kuteseka siku nyingi baharini. Wale watatu walielea juu ya chelezo zaidi ya mwezi mmoja, mpaka Aprili 20, meli ya Kireno Alexandre Silva ilipowaona na kuwaokoa. Basi ile kazi yote ya kuondoa alama haikuondoa hata mashahidi.

MWISHO WAKE PWANI YA SOMALIA

U-852 iliendelea kusini. Aprili 1 iliizamisha meli ya Kiingereza Dahomian karibu na Rasi ya Tumaini Jema, kisha ikaingia Bahari ya Hindi na kupanda kaskazini kandokando ya Afrika ya Mashariki.

Asubuhi ya Mei 2, 1944, ikiwa karibu na Pembe ya Afrika, ilionekana na ndege ya Kiingereza ya aina ya Wellington. Nyambizi ilijaribu kuzama, lakini mabomu yaliiwahi yakaivunja vibaya. Haikuweza kukaa chini tena, ikazuka. Ndege nyingine zikaja, jumla yake sita, za vikosi viwili vya anga. Nyambizi ikawa inapigana juu ya maji kwa mizinga yake midogo. Eck alipoona hakuna njia, alikielekeza chombo ufuoni ili watu wake wasizame nacho. Mei 3 kilikwama mchangani karibu na Bandar Beyla, kusini ya Ras Hafun. Watu 7 walikuwa wamekufa. Waliobaki 59 walifika nchi kavu, na baruti zikawashwa ili chombo kiharibike kabisa.

Hapo walikamatwa na askari wa Kisomali wapanda ngamia wa jeshi la Kiingereza, pamoja na mabaharia kutoka manowari Falmouth. Fikirini jambo hilo: chombo kilichoundwa Bremen kwa ufundi wa hali ya juu, kilichozunguka Afrika nzima, watu wake wakakusanywa na askari wenye ngamia.

Tena baruti hazikukiharibu chombo chote. Waingereza waliingia ndani, wakapata ile tiara ya kutazamia mbali, wakapata na daftari la safari. Daftari lilionyesha mahali chombo kilipokuwa siku ile ya Machi 13. Na watu watatu walikuwa wamekwisha okolewa siku 13 kabla yake, wakiwa na habari ya kusimulia. Habari zile mbili zikakutana.

BARAZANI HAMBURG

Vita vilipokwisha, watu watano wa U-852 walishtakiwa: Eck, Hoffmann, daktari Weisspfennig, Lenz na Schwender. Mahakama ya kijeshi ilikaa Hamburg, mji aliozaliwa Eck, tangu Oktoba 17 hadi 20, mwaka 1945. Waamuzi walikuwa maafisa wa Kiingereza na wa Kigiriki. Maneno ya watu watatu wa Peleus yalisomwa, na mabaharia wengine wa U-852 waliitwa kueleza waliyoyaona.

Eck hakusema kwamba aliamriwa na wakubwa wake. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeamuru, na kwamba alilazimika kufanya hivyo ili kukiokoa chombo chake na watu wake. Alikusudia kuvunja vyelezo, asema, kwa sababu vilikuwa alama kwa ndege. Wale wengine walisema walitii amri ya nahodha.

Tuyapime maneno ya Eck. Kama hofu yake ilikuwa ndege, dawa yake ilikuwa kuondoka. Juu ya maji U-852 ilikwenda maili 19 kwa saa. Kwa saa tano ingekuwa imefika mbali zaidi ya maili 90, tena gizani. Badala yake ilikaa pale pale saa tano, penye mafuta na mbao za meli ambazo risasi haziwezi kuzifuta. Nahodha mwingine mashuhuri wa nyambizi za Kijerumani, Adalbert Schnee, aliitwa na upande wa utetezi. Alipoulizwa yeye angefanya nini, hatimaye alikiri kwamba asingefanya alivyofanya Eck.

Kwa habari ya amri, mwanasheria aliyewashauri waamuzi alieleza kwamba wajibu wa askari ni kutii amri halali tu. Askari hawezi kubeba vitabu vya sheria vitani, na ziko amri ambazo uharamu wake umefichika. Lakini kuwaua watu walioelea majini bila silaha ni jambo ambalo hakuna haja ya kitabu ili kujua kwamba ni haramu. Tena haikuwa sheria iliyotungwa na washindi siku ile. Mwaka 1918 nyambizi nyingine ya Kijerumani iliizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, kisha ikazipiga mashua za waliookoka. Mwaka 1921 mahakama ya Wajerumani wenyewe, mjini Leipzig, iliwatia hatiani maafisa wawili wa nyambizi ile, wala haikukubali udhuru wa amri.

Hukumu ya Hamburg ilikuwa hivi: Eck, Hoffmann na Weisspfennig walihukumiwa kufa, wakapigwa risasi Novemba 30, 1945. Lenz alifungwa maisha, na Schwender miaka 15. Baadaye wafungwa hao wawili walifunguliwa kabla ya muda wao kwisha. Tazameni jinsi waamuzi walivyopima. Amri haikumfutia mtu hata mmoja hatia yake, lakini ilimpunguzia adhabu yule mdogo aliyeamriwa, na yule aliyekataa kwanza. Mwaka 1949 Mapatano ya Geneva yaliandika waziwazi kwamba watu waliovunjikiwa na chombo baharini waheshimiwe na kulindwa, wawe wa taifa lo lote.

SWALI LA DARASANI

Nilipowasimulia wenzangu habari hizi, mmoja alinipinga, na hoja yake ni nzito. Alisema, "Na wale wa Khedive Ismail je?" Maana siku ile nyambizi ya Kijapani ilijificha chini ya watu walioelea majini, na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara ziliangusha mabomu ya kulipuka chini ya maji mahali pale pale. Baadhi ya watu waliookoka katika meli wakafa kwa mabomu ya wenzao. Mbona hapo hakuna aliyeshtakiwa?

Niliwaza siku nyingi kabla ya kumjibu. Jibu langu ni hili, na anayeona vingine aandike katika toleo lijalo. Pale adui alikuwapo kweli, mzima na silaha zake, chini ya maji, na meli nyingine zilizojaa watu zilikuwa karibu. Bomu lilimtafuta yeye, na likawapata wengine kwa msiba. Penye Peleus hapakuwa na adui. Watu wale wenyewe ndio waliofanywa shabaha. Sisemi kwamba jambo la kwanza ni jepesi. Nadhani nahodha aliyeamuru mabomu yale hakulala vizuri maisha yake yote. Nasema tu kwamba haliko sawa na la pili.

Sasa na mimi niseme langu, nisije nikawahukumu watu wa mbali nikajiacha mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule nyingine, kiranja wa bweni aliniamuru nifunge mlango saa tatu usiku, nisimfungulie mtu ye yote aliyechelewa. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha, na mtoto wa kidato cha kwanza akabaki nje akigonga. Nilimsikia. Nilimjua kwa sauti. Sikufungua. Alilala barazani, akapata homa, akakaa siku tatu katika chumba cha wagonjwa. Nilipoulizwa na mwalimu nilisema, "Niliamriwa," na mwalimu akaukubali udhuru wangu. Lakini tangu siku ile kila nilipokutana na yule mtoto njiani niligeuza macho yangu pembeni. Kama kosa lilikuwa la kiranja peke yake, mbona macho yaliyogeuka yalikuwa yangu?

Jambo langu ni dogo sana mbele ya lile la Machi 13, na yule mtoto alipona. Lakini nimejifunza kwamba Lenz hakuanza kuwa Lenz siku ile juu ya mnara wa nyambizi. Mtu huzoea kutii bila kufikiri katika mambo madogo, na siku jambo kubwa linapokuja, mkono hutangulia hata kama moyo umekataa.

Wazee wetu mliosoma hapa zamani, baadhi yenu sasa mna watu chini yenu, maofisini, mashuleni na majeshini. Nasi tuliobaki hapa tunaamriwa kila siku, na wengine wetu ni viranja na tunaamuru. Utii ni jambo jema, na shule bila utii haiendi, wala meli haiendi. Lakini nahodha huamuru mikono ya watu, na kila mkono una mwenyewe. Kwa hiyo siku mwalimu akiuliza tena swali lile darasani, sitajibu kama nilivyojibu mara ya kwanza. Nitasema, kosa ni la aliyeamuru, na ni la aliyetenda pia, kila mtu kwa kadiri yake.